Leso ya Desdemona: rangi ndiyo iliyomuua, au uanaume?

#1 BintiKuze

Asalaam aleikum wana baraza. Kikundi chetu cha kusoma (watu tisa, Jumamosi baada ya alasiri, kahawa na kashata juu ya mwenye nyumba) kimemaliza Othello ya Shakespeare wiki iliyopita, na kidogo tushikane mashati.

Wenzangu wanane wasema kile ni kisa cha ubaguzi tu: mtu mweusi kati ya weupe wa Venice, wakamchimba hadi akili ikamruka. Mimi peke yangu nikasema rangi ni kisingizio. Waangalieni wanawake wa mle. Wako watatu: Desdemona mke wa jenerali Othello, Emilia mke wa Iago (mshika bendera wa Othello, ndiye aliyemtia sumu ya wivu), na Bianca, mwanamke wa mjini huko Saiprasi. Mmoja wa daraja la juu, mmoja wa kati, mmoja wa chini. Wote watatu, bila kubakisha, waitwa malaya na mwanamume kabla mchezo haujaisha. Wawili wauawa na waume zao. Mume mmoja mweusi, mmoja mweupe. Sasa hapo rangi imeua nani?

Mwenye hoja na aje. Matusi sitaki.

#2 TukTuk_Mtopanga

Naweka kigoda changu hapa mbele. Sijasoma kitabu lakini uzi naupenda.

#3 MwalimuMstaafu

BintiKuze mwanangu, umesoma vizuri, ila umeuacha mlango ukaingilia dirishani. Rudi onyesho la kwanza.

Ni usiku, Iago na Roderigo, kijana anayemtaka Desdemona, wako chini ya dirisha la mzee Brabantio, babake Desdemona, wakimpigia kelele. Onyesho zima hakuna anayemtaja Othello kwa jina. Ni "yule Mmaghribi", ni mwenye midomo minene, ni farasi wa Barbari, ni dume la kondoo jeusi linalompanda kondoo wako mweupe. Mtazamaji anayapokea matusi kwanza, uso baadaye. Kisha Othello anatokea, na kumbe ndiye mtulivu kuliko wote waliomtukana. Huyo mwandishi alijua alifanyalo.

Na Brabantio mwenyewe si mtu wa kumfukuza mgeni mlangoni. Othello aeleza mbele ya Mtawala wa Venice kwamba mzee alimpenda, akimwalika nyumbani mara kwa mara amhadithie vita na safari zake. Yaani: barazani kaa, kahawa kunywa, hadithi tupe. Alipomgusa binti, ndipo lilipozuka neno ambalo sisi wa Mombasa hatuhitaji mkalimani: kufu. Si kufu yetu. Mzee hawezi kuamini kwamba mwanawe alipenda kwa hiari yake, basi lazima amerogwa, amelishwa dawa. Mwanangu, hiyo si rangi?

#4 Kibokoni_Kijana

Mwalimu heshima yako, lakini kabla ya kufu kuna walii. Binti katoroka usiku, kaolewa, baba yuasikia kutoka kwa wapita njia. Hata bwana harusi angekuwa mweupe kama maziwa, mimi ningeshuka na bakora.

#5 Mama_Wawili

#4 umeuliza kwa nini alitoroka? Kwa sababu alijua jibu.

Babangu alikuwa na rafiki yake, mtu wa Rabai, fundi wa mbao. Miaka na miaka wanakaa pamoja baraza moja, wanakula sinia moja mwezi wa Ramadhani, wakienda mazikoni wanashikana mikono. Mtoto wa yule fundi alipomposa dadangu, babangu alinyamaza siku tatu. Siku ya nne akasema: "Huyu ni ndugu yetu, lakini mambo ya ndoa ni mambo mengine." Hakutukana mtu. Sauti hakuipandisha. Urafiki wenyewe haukuvunjika siku hiyo, ila yule fundi akawa ana kazi nyingi, hana nafasi ya kuja barazani.

Kwa hiyo aliposema Mwalimu "kahawa kunywa", nimekaa na simu mkononi kitambo.

#6 PwaniYetu

Mbona hamsemi kwamba hadithi yenyewe ni yetu? Shakespeare alimchukua sultani wetu wa Mvita, Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno kule Goa, akabatizwa Dom Jeronimo Chingulia, kisha akageuka akawaangamiza ndani ya Ngome ya Yesu. Kafa Othello, kaishi Othello.

#7 Kalamu_Tatu

#6 taratibu yakhe. Chingulia aliteka Ngome Agosti 1631. Othello ilichezwa mbele ya Mfalme James tarehe 1 Novemba 1604, na Shakespeare mwenyewe alikufa 1616. Labda uniambie alitabiri.

Hadithi ameitoa kwa Mwitaliano Giraldi Cinthio, mkusanyiko wa 1565. Mle jenerali hana hata jina, ni "Mmaghribi" mwanzo mwisho. Mwenye jina ni mke, Disdemona. Na kifo chake ni kibaya zaidi: yule mshika bendera ampiga kwa soksi iliyojazwa mchanga, kisha yeye na mume wanaangusha dari ionekane ajali.

#8 MwalimuMstaafu

Shukran Kalamu. Ila #6 usivunjike moyo, tarehe umekosa lakini harufu umeipata. Chingulia alipewa jina lao, dini yao, cheo chao, na bado kapteni wa Ngome hakumhesabu kuwa mwenziwe. Othello naye Venice yamhitaji kwa sababu Mturuki yuaja Saiprasi na manowari. Angalieni mpango wa siku ile: kesi ya ndoa na habari za vita zafika usiku mmoja, meza moja. Kungekuwa hakuna Mturuki baharini, sijui Mtawala angemsikiliza nani.

Na sifa anayompa! Amwambia Brabantio, mkweo ni mweupe zaidi kuliko mweusi. Eti hapo amemsifu.

#9 Kibokoni_Kijana

Ngome yenyewe ilichorwa na Mwitaliano, Cairati, ikaanza kujengwa 1593. Kwa hiyo na sisi tuna Venice yetu pale Mji wa Kale, tumekosa gondola tu.

#10 Kalamu_Tatu

Cairati ni mtu wa Milan. Na gondola umezikosa kwa sababu hujapanda feri ya Likoni saa moja asubuhi.

#11 Zuhura_wa_Majengo

Rudini kwa wanawake, mwenye uzi aliuliza habari za wanawake, nyinyi mwajenga ngome.

Mimi kwangu mhusika wa mchezo ule ni Emilia, wala si Othello wala Iago. Ndiye aliyeokota leso, ile Iago aliyoitumia kumwaminisha Othello kwamba mkewe yuko na luteni wake Cassio. Desdemona aliiangusha pasi na kujua, Emilia akaichukua, akampa mumewe kwa sababu Iago alikuwa amemwomba mara nyingi na yeye alitaka kumridhisha. Sawa, mke anataka siku moja mumewe amtazame vizuri. Lakini baadaye Desdemona amuuliza uso kwa uso: nimeiangusha wapi ile leso, Emilia? Naye ajibu: sijui, bibi. Yuajua! Pale pale angesema, pangekuwa na mchezo mfupi na watu hai.

Ndiyo maana mwisho ule waniuma. Mumewe amwamuru mbele ya wanaume wote aende nyumbani, naye asema ni haki nimtii, lakini si sasa. Kisha: huenda, Iago, nisirudi nyumbani kamwe. Akasema yote, na kisu kikamfikia. Desdemona mauti yalimkuta kitandani. Emilia aliyafuata kwa miguu yake ili aseme neno alilolinyamazia.

#12 BintiKuze

Zuhura, usiku ule kabla ya kifo, wanapofunguana nguo wakiongea, Emilia ndiye asemaye waume wajue kwamba wake zao wana hisia kama wao, wanaona, wananusa, wana ladha ya tamu na chungu. Mwaka 1604! Halafu mtu aniambie mchezo ni wa rangi.

#13 Kalamu_Tatu

Samahani kuwa mwiba tena. Kitabu cha kwanza kuchapishwa, cha 1622, hakina maneno hayo. Yamo kwenye kile kikubwa cha 1623. Na ule wimbo wa mti wa huzuni anaouimba Desdemona haumo pia.

#14 Zuhura_wa_Majengo

Si unaona? Waliyakata.

#15 Kalamu_Tatu

Au yaliongezwa baadaye. Au kijana aliyecheza Desdemona sauti ilikuwa imeshapasuka, wimbo hauwezi, wakaondoa sehemu nzima. Wataalamu wamegawanyika.

#16 TukTuk_Mtopanga

Kijana? Desdemona ni kijana wa kiume?

#17 Kalamu_Tatu

Zama hizo Uingereza wanawake hawakupanda jukwaani. Wavulana walivaa magauni. Mwanamke wa kwanza kucheza Desdemona London ni Desemba 1660. Na Othello alikuwa Mwingereza aliyejipaka rangi. Mchezo mzima wa mtu mweusi na wanawake, na jukwaani hakuna mweusi wala mwanamke.

#18 TukTuk_Mtopanga

Subhanallah. Kama ngoma ya arusi bila arusi.

#19 Mkunguni

Nimefika, nimesoma yote. Ngoja niwachokoze nyote. Kwani Othello ni mweusi wa wapi? Mwasema Mmaghribi. Barbari ni Maghribi, Iago ataja Mauritania. Mwaka 1600 balozi wa sultani wa Moroko alifika London kwa Malkia Elizabeth, Abd el-Ouahed ben Messaoud, na picha yake ya rangi ipo hadi leo: kilemba, upanga, ndevu. Huyo ni Mwarabu. Huenda Shakespeare alimwona. Kwa hiyo mwalilia mtu mweusi kumbe ni mjomba wangu.

#20 Kibokoni_Kijana

Haya, yameanza. Mombasa hata mtu wa kitabu lazima aulizwe ukoo.

#21 MwalimuMstaafu

Mkunguni, Othello mwenyewe asema jina la mkewe limechafuka na kuwa jeusi kama uso wake. Na ile midomo minene aliyoitaja Roderigo je? Lakini naona watu wa zama zile walilitumia neno hilo kwa yeyote asiyekuwa wao: mweusi, Mwarabu, Mwislamu, wote kapu moja. Hilo lenyewe ni jibu. Mbaguzi hana haja ya kujua umetoka wapi.

#22 Mkunguni

Jibu zuri, lakini umeniepa. Mjomba wangu bado.

#23 Fundi_Cherehani

Jamani, mimi nashona pale karibu na Mtaa wa Biashara na nataka kuuliza: mwasema leso. Leso gani? Mke wangu nilimsomea uzi, yeye akafikiria Desdemona kaangusha leso doti nzima, ile kanga ya kujifunga, na jina lake.

#24 Zuhura_wa_Majengo

Nimecheka mpaka watoto wameamka! Fundi, ni leso ya mkono, kitambaa cha kufutia jasho, kimetariziwa matunda mekundu ya stroberi.

Lakini mkeo hakukosea sana. Neno letu leso limetoka kwa Mreno, kwake ni kitambaa cha mkono. Twahadithiwa kwamba wanawake wa pwani walinunua vile vitambaa, wakaunga sita pamoja wakajifunga. Kwa hiyo leso yetu ni leso ya Desdemona mara sita.

#25 Fundi_Cherehani

Basi ingekuwa na jina, pasingekuwa na kesi. Iago angesemaje mbele ya maandishi? Mimi ningeiandika MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE.

#26 Mama_Wawili

Na ya Emilia: NILINYAMAZA NIKIJUA.

#27 MwalimuMstaafu

Ya Iago ipo tayari madukani: HASIDI HANA SABABU. Wasomi wa Ulaya wameumiza vichwa miaka na miaka kwa nini Iago afanya vile. Coleridge, mshairi wa Kiingereza, aliandika kwamba ni uovu usio na sababu unaotafuta sababu. Mama zetu wamelifunga hilo kiunoni.

#28 BintiKuze

Lakini Mwalimu, sababu anazo, tena nyingi mno. Cheo kapewa Cassio. Ati Othello kalala na Emilia. Ati Cassio naye huenda kalala na Emilia. Ati hata yeye ampenda Desdemona. Na kijana mwenyewe ana miaka 28 tu. Angalia hizo sababu: ukiondoa ile ya cheo, zote ni kitanda cha mtu. Hakuna hata moja anayosema peke yake, "namchukia kwa kuwa ni mweusi". Rangi aitumia kwa wengine. Kwa Brabantio aitumia, kwa Roderigo aitumia, na kwa Othello pia: amwambia, mkeo aliwakataa wa nchi yake na wa rangi yake, hiyo si kawaida. Ni silaha aliyoikuta sebuleni kwao. Lakini moto wake ni wivu wa mume.

#29 Mkunguni

Umesema "silaha aliyoikuta sebuleni kwao" halafu wataka tusihesabu sebule?

#30 BintiKuze

...nitarudi.

#31 Salim_wa_Tudor

Kuna jambo hamjaligusa. Othello mbele ya baraza akana uchawi. Asema uchawi wangu ni hadithi zangu tu, alinipenda kwa hatari nilizopitia. Twampigia makofi. Kisha leso ilipopotea amwambia mkewe: ile leso mamangu alipewa na mwanamke wa Misri aliyesoma mioyo ya watu, imefumwa na nabii wa kike mwenye miaka mia mbili, hariri ya funza waliobarikiwa, imetiwa rangi ya maiti zilizokaushwa. Mwisho kabisa, akiwa ameshaua, asema babangu alimpa mamangu. Misri imekwenda wapi?

Mimi naona alidanganya kumtisha mke. Wenye elimu mwasemaje?

#32 Zuhura_wa_Majengo

Au aliamini yote. Vitu vya mama havina hadithi moja. Bangili ya nyanyangu ina hadithi nne kwa mujibu wa nani umemuuliza.

#33 MwalimuMstaafu

Au yale waliyokuwa wakimsema yameshamwingia. Brabantio alisema mchawi, Iago amemkoroga, sasa mwenyewe azungumza kama yule Mmaghribi wa vichwani mwao. Hotuba yake ndefu ya mwisho ni hayo hayo: ahadithia jinsi kule Aleppo alivyomshika koo Mturuki aliyempiga Mvenice, akamchoma "hivi", na kujichoma. Mkono ni wa Venice, na koo ni la mgeni, na vyote viwili ni vyake. Sijasoma hukumu kali kuliko hiyo.

#34 Kalamu_Tatu

Hapo nakubali bila mwiba. Afrika Kusini 1987 mwigizaji mweusi John Kani alimcheza Othello Johannesburg, ubaguzi ungali sheria, Desdemona mwanamke mweupe. Sidhani kuna aliyeuliza ukumbini kama mchezo ule ni wa rangi.

#35 Mama_Wawili

Wanawake waliokuwa ukumbini je? Waliona lile kofi? Othello ampiga mkewe mbele ya Lodovico, mgeni kutoka kwao, na Lodovico asema jambo hili Venice lisingeaminika. Yaani kinachomshangaza ni kwamba watu wa kwao hawataamini. Na Desdemona ajibu tu: sikustahili haya.

Kisha akiwa anakufa, Emilia auliza nani kafanya? "Hakuna. Mimi mwenyewe." Nimeyasikia maneno hayo kwa Kiswahili, kwenye chumba cha kushona, kwa dada mwenye jicho jekundu. "Hakuna, nimejigonga mlango." Mwalimu, rangi naikubali, kwetu imepita na nimeieleza. Lakini yule dada na mumewe ni binamu. Kufu haswa.

#36 Kibokoni_Kijana

Sina mzaha kwa hilo, mama.

#37 Mkunguni

Wala mimi.

Ila niulize kwa adabu: Desdemona mbona amelala tu? Yule aliyesimama mbele ya wazee akasema, mamangu alimweka mbele wewe kuliko babake, nami namweka mumangu mbele yako, ndiye huyu anayeimba wimbo akingoja?

#38 Salim_wa_Tudor

Alipotoka kwao alikuwa na Venice nyuma yake. Saiprasi ana nani? Kambi ya askari, na mwanamke mmoja aliyeficha leso.

#39 Zuhura_wa_Majengo

Na wimbo wenyewe kaujua kwa kijakazi wa mamake, jina lake Barbari. Nenda karudie #3 uone Iago alimwita Othello farasi wa wapi. Sijui maana yake nini. Nimeliona tu, na haliniondoki.

#40 Kalamu_Tatu

Mwaka 1693 kuna Mwingereza, Thomas Rymer, aliyeucheka mchezo huu akauliza mbona usiitwe msiba wa leso. Kwake kitambaa ni kitu kidogo mno kuua mtu.

#41 TukTuk_Mtopanga

Huyo Rymer hajabeba abiria. Nina kisa.

Dada mmoja kashuka kwangu akasahau mtandio. Mimi najua nyumba, nikasema nimrudishie, thawabu. Nikabisha. Kafungua mume. Nasema, "Shikamoo kaka, mtandio wa bibi umebaki kwangu." Wallahi nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe nilitamani ardhi ipasuke. Yule bwana aliuangalia ule mtandio kama nyoka. Akaniuliza, "Umebaki kwako wapi?" Tuktuk ilikuwa nyuma yangu inawaka, nikaionyesha kwa kidole, mdomo umekauka. Akafunga mlango, mtandio hakuuchukua.

Siku ya pili nikamwona dada stejini, mzima, kacheka. Lakini usiku ule sikulala. Kwa hiyo kitambaa si kitu kidogo.

#42 BintiKuze

Nimerudi. TukTuk, wewe hujasoma kitabu ndiyo umekisoma.

Mkunguni, nimelifikiria #29 siku mbili. Bado nasema Emilia hakuuawa na mtu mweusi. Lakini nakubali kwamba kama Othello angekuwa mtu wa Venice, angemuuliza Cassio tu. Mtu wa kwao huuliza. Mgeni huogopa jibu litakavyochekwa. Hilo silo nililolisema #1, najua, msinikumbushe.

#43 MwalimuMstaafu

Hatukukumbushi. Tumelinakili tu.

#44 BintiKuze

Jumamosi twaurudia mwisho kwa sauti, kila mtu na mhusika wake, tunajitafsiria wenyewe. Zuhura ukija Emilia ni wako. Tumekosa Iago, hakuna anayemtaka. Na tunahitaji kitambaa cha kuangusha.

#45 Kibokoni_Kijana

Iago nitamchukua, miaka yetu sawa. Mama asijue.

#46 TukTuk_Mtopanga

Kitambaa ninacho. Ule mtandio bado uko chini ya kiti, nani ataurudisha?